Karatasi ya Nyota na Chetezo cha Arbia

Mwanangu Barre ana ofisi Dadaab, ana kompyuta mbili, na hawezi kumlaza mtoto wa miaka sita. Kila baada ya swala ya isha binti yake Ubah hulia, hupiga mateke na kurusha mito. Barre akabandika karatasi ukutani: usiku usio na kilio, nyota moja. Mwezi umekwisha na karatasi haina hata nyota moja.

"Ubah, mwambie baba, unahisi nini moyoni?" Barre akambembeleza.

Mbuzi wangu wana akili zaidi ya hiyo. Nikacheka.

"Aabo, usicheke," mwanangu akaniambia. "Jumamosi nampeleka Eldas kwa shangazi yake. Nimeshindwa."

"Umeshindwa na mtu wa kimo cha ndoo! Mwanamume mwenye ndevu!"

Ubah akazidisha kelele. "Sitaki kulala! Shuka inanuka sabuni!"

Hapo nikainuka. Marehemu mke wangu Arbia ndiye aliyekuwa akimlaza. Kila jioni alizifukiza shuka zake udi, na mtoto akalala bila neno. Tulipomzika nilikificha chetezo chake ndani ya sanduku langu, maana ile harufu sikuiweza. Mzee mzima, nikakimbia moshi.

Nikakitoa. Nikatia makaa, nikatia udi, nikafukiza shuka. Ubah akajifunika mpaka kichwani, akalala.

"Ulikuwa nacho muda wote huu, Aabo?" Barre akauliza.

"Bandua karatasi yako," nikamwambia. "Na mimi usinipe nyota."