Kesho Nakuja, Mama

Kabla sijaeleza uchovu wangu, nimtaje kwanza aliyeulipia. Ni mama mmoja wa Malolo, mjane, mkulima wa korosho, ambaye msimu mmoja alikosa mavuno kwa sababu mimi nilishindwa kuvaa soksi. Watu wakisikia habari za mtu aliyechoka humhurumia yeye aliyechoka. Huruma hiyo naomba ipite kwanza nyumbani kwa huyo mama, halafu ikibaki ndiyo inifikie mimi.

Mimi ni bibi shamba. Nimezaliwa Nachingwea, nafanya kazi Ruangwa, na kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kukera. Nilikuwa na nguvu, na nilidhani kuwa na nguvu ni kuwa na tabia njema. Shuleni nilikimbia mbio ndefu. Ruangwa nikaanzisha kikundi cha jogging cha Jumamosi, fulana za rangi moja, nyimbo, na mimi mbele na filimbi mdomoni. Waliobaki nyuma niliwaita mizigo. Kulikuwa na mwalimu mmoja mnene aliyekuja wiki tatu kisha akaacha. Nikakutana naye sokoni, nikamuuliza mbele za watu kama miguu yake imekwenda likizo. Alicheka. Siku hizi najua kicheko kile kilikuwa cha namna gani.

Kazini nilikuwa vilevile. Asubuhi Mandawa, mchana Malolo, kutwa juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Mikorosho inapotoa maua huvamiwa na ubwiriunga, ugonjwa unaoyafunika kwa unga mweupe na kuyakausha. Dawa yake ni salfa, ambayo hupulizwa alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia. Ukiwahi mno unapoteza salfa, ukichelewa unapoteza maua. Kwa hiyo niliwawekea wakulima wangu sheria: hakuna kufungua mfuko mpaka nifike mwenyewe, nihesabu maua kwa macho yangu. Wengi waliitikia ndiyo, kisha wakaendelea na yao, jirani akipuliza nao wanapuliza. Mama wa Malolo hakuwa mtu wa hivyo. Shamba lake ndilo lilikuwa shamba darasa, pale wenzake wanapokuja kujifunza, na jambo hilo alilibeba kwa uzito kuliko mimi. "Hili shamba la bibi shamba," aliwaambia watu, na huku mikorosho yenyewe aliipanda na marehemu mumewe.

Uchovu haukuja kwa kishindo. Nilianza kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kisha asubuhi moja nilivaa soksi moja, nikakaa kitandani nikiitazama ya pili, na nilipoangalia saa ilikuwa saa nne. Sikuwa na homa. Sikuwa nimefiwa. Hakuna mwanaume aliyeniacha, hakuna mtu aliyenidhulumu. Ningepata sababu, yoyote ile, ningeishika kwa mikono miwili. Nilipima malaria mara tatu kwa mwezi mmoja, nikiomba iwepo, mpaka muuzaji wa duka la dawa akaniambia, "Dada, naona unaitafuta kwa nguvu."

Jumamosi nilituma ujumbe kwenye kikundi kwamba nimeteguka mguu. Jumamosi iliyofuata mguu ulikuwa bado. Nilijitutumua mara moja, nikakimbia mpaka kona ya kwanza, nikainama kana kwamba nafunga kamba za kiatu, nikabaki pale pale nimeinama huku wenzangu wakipita wakiimba. Pumzi nilikuwa nayo. Nilichokosa ni hamu ya kufika, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba hamu nayo inaweza kwisha. Nikaanza kunenepa. Ofisini wakanipongeza. "Maisha yamekukubali, dada!" Nikacheka nao, nikaenda chooni nikalia huku nimefungulia bomba.

Fomu za kutembelea mashamba nilizijaza nikiwa kitandani, nimelala kifudifudi, tarakimu za kukisia tupu. Bosi wangu alizisifia kwenye kikao kwa usafi wa mwandiko.

Maua yalipoanza kutoka, mama wa Malolo alinipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maua yameanza kuchungulia. Unakuja lini kuhesabu?"

"Kesho nakuja, mama."

Kesho yake pikipiki ilikuwa ukumbini kwangu, tangi limejaa mafuta. Nilikaa sakafuni nikiiangalia mpaka jua likawa kali. Nikampigia nikamwambia imeharibika. Akanipa pole, akasema ananisubiri. Baada ya siku nne akapiga tena, nikamwambia spea imechelewa kutoka Lindi.

"Basi pole, mwanangu. Jirani zangu wote wamepuliza juzi. Wananiambia puliza, nawaambia mimi shamba langu lina mwenyewe." Alicheka aliposema hivyo.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema maneno mawili tu: anza, mama. Tangu siku ile nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Sikuyasema, kwa sababu anayesema anza bila mimi itabidi aseme pia yeye yuko wapi. Nikasema, "Kesho nakuja, mama. Kesho kweli." Kisha nikazima simu, nikageukia ukutani.

Nilifika wiki ya tatu. Sijui siku ile ilikuwa na nini hata nikaweza kutoka, labda aibu ilizidi uchovu. Kwa jirani, hatua chache tu kutoka mpakani, maua yalikuwa yamefunguka na nyuki wamejaa. Kwa mama yalikuwa meupe kwa unga, na yale yaliyotangulia yamekuwa meusi, nikiyagusa yanapukutika mkononi. Nilitembea mti hadi mti nikitafuta hata mmoja uliosalimika. Mifuko ya salfa ilikuwa ndani kwake, imepangwa vizuri juu ya magogo isipate unyevu, midomo imeshonwa kama ilivyotoka dukani. Nyuma ya nyumba yake ya udongo kulikuwa na nyingine ya tofali za kuchoma, kuta zimesimama, paa hakuna. Bati za kuifunika zilikuwa zipatikane kwa korosho za mwaka ule.

Alinitolea kiti. Akaanza kuniomba msamaha yeye.

"Nisamehe, mwanangu. Shamba lako limenishinda. Wageni wakija kujifunza sijui tutaficha wapi uso."

Kisha akauliza kama pikipiki imepona. Nikamjibu imepona, alhamdulillahi. Mimi ni Mkristo, yeye Mwislamu, nikamwambia alhamdulillahi ili uongo wangu umpendeze. Sijawahi kufanya jambo baya zaidi ya hilo.

Alfajiri iliyofuata tulipuliza pamoja, tukaokoa maua machache ya mwishomwisho. Wiki hiyo hiyo nikaomba likizo, nikaenda Nachingwea kwa mama yangu mzazi. Mama yangu ni mtu wa misa ya asubuhi na wa kukagua sahani za watu. Aliniangalia nikilala siku tatu, akaona chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda, akasema, "Wewe kazi haijakuchosha. Wewe unaumwa, sema sijui wapi." Akanipeleka hospitali akiwa amenishika mkono, mimi mtu mzima mwenye cheo, watu wanatutazama.

Daktari alikuwa binti mdogo kwangu. Akapima damu, sukari, na vingine ambavyo sikuuliza. Damu ilikuwa imepungua kidogo, akasema, lakini si ya kumlaza mtu hivi. Kisha akauliza mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini. Nikafungua mdomo nimjibu kistaarabu, nikatafuta, nikakosa. Akaniambia hali hii inaitwa sonona, ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa na unahitaji mazungumzo. Nikamwambia ugonjwa huo ni wa watu wenye nafasi.

"Basi wewe umeipata nafasi," alisema, huku anaandika.

Akanipa dawa, akataka nirudi kila baada ya wiki mbili tuzungumze. Na akaniagiza nitembee dakika kumi kila siku, nisizidishe hata nikijiona naweza. Kwa mtu aliyekuwa akipigia wenzake filimbi, yalikuwa matusi. Jioni nilitoka na mama yangu kuelekea upande wa uwanja wa ndege, kwa mwendo wa goti lake bovu, na bado alikuwa ananiacha. Akisimama kunisubiri anasema, "Haya, mwanariadha." Siku nyingine nilifika mlangoni nikarudi kulala. Siku nyingine nililia njiani bila sababu, naye akajifanya anatoa jiwe kwenye ndala. Sikuamka asubuhi moja nikajikuta mzima, na wanaosimulia hivyo siwaamini. Nilichopata ni kwamba dakika kumi ziliacha kuniogopesha, halafu ishirini, na baada ya muda nikaweza kuvaa soksi zote mbili kabla ya saa moja.

Niliporudi kazini nilimwambia bosi ukweli kuhusu zile fomu. Nikapewa barua ya onyo, nayo ilinistahili. Yule mwalimu mnene sijamuomba radhi mpaka leo, nikimwona naingia duka lolote lililo karibu.

Malolo nilikwenda wakati wenzake yule mama wanaokota korosho. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua rundo dogo, nyingi zimesinyaa. Nikakaa chini kando yake.

"Mama, pikipiki haikuharibika."

Hakuinua uso. "Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Ndiyo, mama. Lakini mwenyewe sikujua. Nilijiona mvivu tu, nikaogopa kukwambia."

Alichambua kwa muda mrefu, nzuri huku, mbovu kule. Niliomba anitukane. Ningetukanwa ningejua pa kuanzia.

"Ungesema tu, mwanangu," alisema mwishowe. "Maua mimi nayahesabu tangu wewe hujazaliwa. Nilikusubiri kwa heshima."

Nilichukua korosho nikamsaidia kuchambua mpaka rundo likaisha, na halikuchukua muda. Masika ile mvua ilinyesha ndani ya zile kuta zisizo na paa, na ukuta wa upande wa magharibi ukaanguka. Habari hiyo niliipata kwa mtu mwingine, yeye hakuniambia.

Msimu uliofuata nilijiandaa mapema. Dawa nilikuwa bado nameza, na bado nameza. Kukimbia sijarudia, natembea. Lakini maua yalipokaribia kutoka nilihesabu siku kwenye kalenda, na sikusubiri anipigie. Niliondoka Ruangwa kungali gizagiza, taa ya pikipiki ikimulika vumbi, na moyoni nilikuwa na kitu kinachokaribia furaha, cha kwanza baada ya muda mrefu. Nilijua kabisa nitamwambia nini: mama, leo nimefika.

Kabla sijazima pikipiki nilisikia mashine ya kupulizia ikinguruma ndani ya shamba, kisha ikazimwa. Salfa ilikuwa imetanda kwenye mikorosho, ya manjano, inashuka taratibu. Mistari mingi ilikuwa imekwisha. Jirani zake watano sita walikuwa wamesimama pembeni, na yeye, kitambaa usoni, nyusi zimekuwa za manjano, alikuwa akiwaonyesha shada la maua na kuwahesabia kwa kidole.

Aliponiona alikuja akanisalimia vizuri, akauliza hali ya mama yangu, akaniambia kuna chai. Nilitakiwa kushukuru. Badala yake likanitoka kabla sijalizuia:

"Mbona hukunisubiri, mama?"

Alishusha kitambaa mdomoni. Hakuwa na hasira, na hakusema kwa nguvu.

"Nilikusubiri mwaka jana," alisema.

Akapandisha kitambaa, akarudi kwa wenzake. Nikajifunga changu, nikabeba mfuko wa salfa, nikamfuata nyuma.