Pepo na Mupepo kwenye Barabara ya Likasi

Pikipiki yangu ilikuwa na tabia ya wale wageni wanaojua kujiheshimu mbele ya watu tu. Kutoka nyumbani kwetu Bel-Air mpaka katikati ya mji haikukohoa hata siku moja. Lakini tukishauacha mji na kushika barabara ya Likasi, mahali malori ya shaba yanapoanza kupitana kwa hasira, nikaongeza mwendo na kuushikilia kwa muda, injini ilianza kuishiwa nguvu polepole, kama mtu anayesinzia katikati ya mazungumzo, kisha ikanyamaza. Kila mara nilijivuta kando hadi kwenye vumbi jekundu, nikafungua kifuniko cha tanki kuangalia kama petroli ipo. Ipo. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka mara moja, wala haikuomba radhi.

Mke wangu anafundisha shule ya msingi iliyo kando ya barabara hiyo, na kila asubuhi alikuwa akipanda nyuma yangu. Nyumba yetu imejaa: watoto, binamu wanaosoma chuo cha Kasapa, na mama yake, ambaye alikuja kututembelea na bado anatutembelea. Hakuna chumba ambamo mume na mke wanaweza kusema jambo bila mtu kuitika kutoka chumba cha pili. Kwa hiyo mambo yetu tuliyazungumza barabarani, yeye akisema karibu na sikio langu, mimi nikimjibu kwa sauti juu ya upepo. Ndoa yetu, kwa kusema kweli, ilikuwa ikiishi kwenye kiti cha pikipiki.

Alhamisi moja injini ilizimika lori likiwa nyuma yetu. Honi ililia, tukaishia kwenye majani. Mke wangu alivua kofia ngumu, akakung'uta sketi yake bila haraka.

“Baba ya batoto,” alisema, “mi napenda kufundisha. Lakini sipende kuendea kufundisha kule juu mbinguni.”

“Nitaitafuta shida, nitaipata.”

“Itafute mpaka dimanche. Dimanche mangaribi ndugu yangu wa Makomeno atakuja kuichukua. Yeye anatembeaka paka mu ville, hapa mu mji tu, haitamusumbua. Na mi nitapandaka taxi.”

Akasimamisha taxi palepale, mbele ya macho yangu, akaingia kiti cha katikati kati ya wanawake wawili wenye mabeseni. Nikabaki na mashine ambayo sasa ilikuwa inawaka vizuri, na muda wa mpaka Jumapili jioni.

Sikusomea ufundi. Nilijifunza kutoka kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, na kutokana na vitu nilivyoviharibu. Kitabu kile kilinipa kanuni moja ambayo sijaivunja: badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha badilisha kingine. Ukibadilisha viwili pamoja, hutajua kamwe ni kipi kilichoponya. Nilibadilisha plagi. Nilisafisha filta ya hewa. Nilikagua nyaya moja baada ya nyingine. Kila mara fundi wetu wa mtaani aliijaribu pikipiki kati ya shimo lililo mbele ya karakana yake na mama anayeuza mikate, umbali ambao hata mbuzi haoni haja ya kukimbia.

“Iko bien, muzee.”

“Hapa, ndiyo. Kule ndiko inazimikaka.”

“Sasa kule ni mbali. Shida ya kule, bantu ya kule njo batatengeneza.”

Simlaumu. Ni mtu mwangalifu. Mvua zilipoanza na maji kuingia kwenye petroli, ni yeye aliyekunja kipande cha sashe, kile kifuko cha plastiki cha maziwa ya unga, na kukipachika ndani ya kifuniko cha tanki, chini ya mpira, kama wanavyofanya watu wengi hapa mjini. Maji hayakuingia tena. Nilikuwa nakiona kipande kile kila nilipofungua tanki, na kila mara nilikisifu kimoyomoyo: kazi safi.

Jumamosi mama mkwe aliniita uani. Ni mwanamke wa familia ya Kasai, ameuza vitambaa maisha yake yote, na hapendi kumwona mtu akitapatapa.

“Mukwe, ulibadirisha bougie?”

“Nilibadilisha, mama.”

“Na filtre?”

“Niliisafisha.”

“Basi vya bantu vimeisha. Tulete vya Mungu. Ile piki iko na pepo.”

Nilikubali. Nilifikiri kwa utaratibu wangu: maombi hayagusi chuma, kwa hiyo hayawezi kuvuruga jaribio. Isitoshe zilibaki saa chache tu kabla ya Jumapili, na kitabu changu kilikuwa kimefika ukurasa wa mwisho.

Alikuja na chupa ya mafuta ya zeituni na akaniamuru nifungue tanki.

“Kwa nini, mama?”

“Atatokea wapi, kama umemufungia?”

Nilimpa kifuniko, akakipaka mafuta huku akiomba kwa Kiluba, akikizungusha mkononi. Vidole vilivyopima vitambaa miaka yote hiyo vikakuta mkunjo. Maombi yakasimama.

“Hii nini?”

“Ni sashe ya maziwa, mama.”

“Nani aliiweka?”

“Fundi.”

“Na kwa nini aliificha?”

“Hakuificha. Ni juu ya mvua.”

Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayedanganywa kuhusu rangi isiyochujuka. Aliking'oa kile kipande, akakitupa kwenye mbabula ya mkaa iliyokuwa ikichemsha maharage. Mkaa ukakirukia.

“Unaona moshi? Mweusi.”

“Plastiki yote inatoa moshi mweusi, mama.”

“Njo maana sipendake plastiki.”

Jumapili asubuhi nilitoka peke yangu. Nilipita peaje, pale wanapotoza ushuru wa barabara, nikaongeza mwendo, nikaushikilia. Nikangoja ule usingizi. Haukuja. Nilikwenda mbali kuliko kawaida, nikageuza, nikarudi kwa kasi ambayo sitaitaja hapa. Haikuzimika. Nilisimama kando na kwa mazoea nikafungua tanki, na hapo ndipo niliposikia kitu ambacho hakikuwepo. Siku zote kifuniko kilikuwa kikitoa sauti ndogo ya kuvuta pumzi, fsss, ambayo niliichukulia kuwa ni salamu ya tanki. Leo, kimya.

Kifuniko kina tundu dogo. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Sashe ilikuwa imeliziba. Mjini injini inakunywa kidogo, na hewa inayopenyeza inatosha. Kwenye mwendo mkubwa inakunywa sana, tanki linabanwa, petroli inakataa kushuka. Na mimi, kila nilipofungua kuangalia kama petroli ipo, nilikuwa naitibu pikipiki kwa mkono wangu, halafu naenda kutafuta ugonjwa kwenye plagi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mwanafunzi. Mama mkwe alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa tayari kwa kanisa.

“Mama, haikuwa na pepo. Ilikosa mupepo.” Kwetu hewa tunaiita hivyo.

“Ilikuwa nayo ao ilikosa?”

“Ilikosa. Mupepo haikuweza kuingia.”

“Na mi nilitosha nini mu kifuniko?”

“Sashe.”

“Nikisha kutosha, inatembea?”

“Inatembea.”

“Basi leo nitatoa ushuhuda,” alisema, akatoka.

Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Nyumba yetu ni hivyo.

“Ni mama ao ni sashe?” aliuliza.

“Ni sashe.”

“Uko na hakika?”

“Karibu. Nikiirudisha na ikazima tena, hapo nitakuwa na hakika kamili.” Nilikuwa tayari na kipande kingine mfukoni, safi, kimekunjwa.

Aliacha kukoroga.

“Yaani unataka izime tena mbele ya camion, juu ya kumushinda mama?”

“Si kumshinda. Kuthibitisha.”

“Chagua. Unataka raison, uonekane ulisema kweli, ao unataka mi nipande?”

Kitabu changu hakina ukurasa unaozungumzia jambo hilo. Nilitoa kile kipande mfukoni, nikampa. Akafungia chumvi.

Jioni shemeji wa Makomeno alifika. Kwa bahati mbaya yake, mama mkwe alikuwa amerudi, na ushuhuda wake haukuwa umepungua njiani. Alimsimulia kuhusu mkunjo, kuhusu mafuta, kuhusu moshi. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, akaizunguka pikipiki mara moja bila kuigusa.

“Hapana, grand frère,” aliniambia. “Piki yenye ilitokaka pepo? Anaweza kukumbuka njia. Baki nayo.”

Jumatatu mke wangu alipanda nyuma yangu. Nilipita peaje, nikaongeza mwendo taratibu, kisha nikauacha ukae. Mikono yake ilikuwa imenikaza mbavu. Tulipita daraja, tukapita mahali pa majani. Polepole vidole vikalegea, kidevu chake kikaja karibu na sikio langu.

“Mama anataka abakie mpaka Pasaka,” alisema. “Unasema nini?”

Nilisema abaki. Kwa mwendo ule, baada ya yote aliyoyafanya, sikuona jibu jingine ambalo ningeweza kulithibitisha.