Jipu la Kijani la Mzee Lusenge

Mzee Lusenge wa Bulengera alikuwa mbishi, na ubishi wake ulikuwa na magurudumu manne. Mkewe Florentine alipofariki, alinunua mabaki ya gari la jeshi, jipu la enzi za Zaire, akalifufua kwa mikono yake kwa miaka minne. Nyumba ilikuwa imepoa mno. Angalau chuma kilimpigia kelele.

Siku jipu lilipowaka, akapanga kwenda Mangina. Binti yake wa pekee, Bénite, alikuwa amejifungua huko, na mzee alitaka kumpakata mjukuu wake, basi, hakuwa na lingine. Jirani yake Stanislas akamwonya.

"Muzee, pakaa kwanza rangi ingine. Batu batakukimbia na hii kijani."

"Jeep bila kijani ni sanduku tu! Batu ya Mangina bananijua."

Bénite hakulijua jipu hilo, wala mzee hakumpigia simu. Alitaka kumshangaza. Na kweli, alimshangaza.

Alipofika lupangu, ua wa nyumba ya bintiye, hapakuwa na mtu. Maharage yalikuwa yanachemka, nguo za mtoto kwenye kamba zikichuruzika maji. Siku hizi watu wa huko wakisikia gari la jeshi hawasubiri kuuliza limembeba nani. Lusenge aliita mpaka sauti ikamkauka. Ndipo simu yake ikalia.

"Baba, kama unataka kukuya kutuona, usikuye leo!" Bénite alinong'ona. "Basoda beko ku lupangu na gari yabo ya jeshi. Tuko mu shamba ya kakao na mutoto."

"Hapana basoda, Bénite. Ni mimi. Jeep ni yangu."

Bénite alizidi kushusha sauti. "Baba, bamekukamata? Banakulazimisha useme ivyo?"

Simu ikakatika, isipatikane tena. Angemlaumu vipi? Wangapi walikuwa wameitwa watoke porini na ndugu zao wenyewe, waliowekewa bunduki kisogoni?

Lusenge akawaza kuwafuata kwenye kakao, lakini wangezidi kukimbia, na mawingu yalikuwa yanakusanyika; mtoto angenyeshewa. Akaepua maharage yasiungue. Blanketi alilomletea mtoto akaliweka juu ya kiti. Kisha akaliwasha jipu na kukanyaga mafuta kwa nguvu zake zote, ili wasikie vizuri kwamba anaondoka.