Maji Yaliyozunguka Kiota

Shangazi yangu, ambaye kwetu huitwa Senge, alikuwa na shamba karibu na Ndalu. Chini ya shamba hilo palikuwa na kinamasi, na katikati ya kinamasi palikuwa na kisiwa kidogo cha matete, kisichozidi ukubwa wa ua wa nyumba. Hapo ndipo korongo wawili wenye taji walipotaga mayai kila mwaka.

Majirani hawakuwapenda, kwa sababu walifukua mahindi yaliyotoka kupandwa. Senge aliloweka kopo zima la gorogoro la mahindi, akayamwaga ukingoni mwa kinamasi siku ya kupanda. "Hayo ni yenu," aliwaambia korongo. "Sasa mniachie yangu." Hakuwa amejaliwa mtoto, na wanawake wenzake walimtania njiani.

"Ati leo wajukuu wako wameamka?"

"Wameamka. Tena hao hawaniombi sukari."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuweza kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Mapema miaka ya elfu mbili nilipata kazi Kitale, kwenye kitalu cha miche. Wakati huo kila mkutano ulikuwa ni kupanda miti, na mimi niliamini kila neno. Miche ya mikaratusi ilipobaki, hiyo ambayo kwetu tunaiita blugamu, nikaiomba, nikaipakia kwenye pikapu hadi kwa Senge. Nilimweleza kwamba tukizungusha miti kinamasi chote, ng'ombe hawataingia wala hakuna atakayethubutu kulima humo. Ndege watakuwa salama.

"Si hii miti inakunywa maji sana?" aliuliza.

"Senge, mti si ng'ombe, bana."

Alicheka. "Haya. Wewe ndio umesoma."

Tulipanda siku mbili. Sijawahi kuona fahari juu ya kazi ya mikono yangu kama jioni ile ya pili.

Kisha nikaondoka, kama kawaida yangu. Niliuza mitumba Kimilili. Nikabeba saruji Bungoma, kwenye duka la familia moja ya Kihindi. Miaka ikaenda, nikarudi kitaluni, na siku moja tukaletewa mtaalamu wa kutufundisha. Alituonyesha picha za visiwa vidogo katika bahari ya Pasifiki. Ndege wa huko, alisema, hutaga chini bila wasiwasi, kwa kuwa maji yamewalinda tangu zamani. Halafu vyombo vya watu vikaleta panya na paka, na ndege wakaanza kwisha. Sasa watu wanahangaika kuwaondoa panya, kisiwa kimoja baada ya kingine. Tulipiga makofi. Chai ilipoletwa nilikikumbuka kisiwa cha Senge, na swali lake kuhusu miti na maji, nikakiacha kikombe kipoe.

Jumamosi hiyo nilikwenda. Miti ilikuwa imepita paa la nyumba, imenyooka, mizuri. Nilitembea hadi kisiwani bila kulowesha viatu; korongo hawakuwepo.

"Hata mimi siku hizi naenda huko na malapa," Senge alisema nyuma yangu.

"Mbona hukunitumia habari?"

"Ningekuambia nini? Ati miti yako imeota vizuri?"

Niliacha kazi, tukaikata miti yote. Visiki vikachipua, tukakata machipukizi, yakachipua tena. Mvua zilipokuja, maji yalirudi kidogo tu, ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Lakini korongo nao walirudi. Wakataga mayai matatu.

Maji ya kifundo hayamzuii mbwa, na mbwa wa majirani walikuwa wengi. Basi tukagawana ulinzi hadi vifaranga watoke: Senge asubuhi, mimi mchana, kila mmoja na fimbo yake. Majirani walitucheka. Tulibakisha kama wiki moja wakati rafiki yake Senge wa kanisani alipofiwa huko Kimilili, ikabidi Senge aende mazishini kutwa nzima.

"Leo ni wewe peke yako," aliniambia akijifunga leso. "Usitoke."

"Sitoki, Senge."

Saa saba pikapu ilisimama barabarani. Dereva, mtu niliyemjua kutoka Kitale, alikuwa akielekea Bungoma. Kuna tajiri anatafuta mtu wa kusambaza bidhaa, alisema, kazi ya kuzunguka hadi mpakani, na anataka kumwona mtu leo hii. Nilitazama kisiwa. Korongo mmoja alikuwa ameatamia, ametulia. Nikajiambia kwamba mbwa hawatembei kwenye jua kali.

Niliporudi ilikuwa karibu saa kumi na moja. Mbwa wawili walikuwa wamelala kisiwani wakijilamba. Korongo walisimama kati ya visiki, mmoja akilia, mwingine kimya.

Senge alifika akiwa bado na nguo za mazishi. Alisimama ukingoni. Nilianza kujieleza, akanikatiza.

"Umekula?"

Nilimwambia sijala. Akaenda kuwasha moto.

Ndege walikaa palepale siku nne. Asubuhi ya tano hawakuwepo, na hawakurudi mwaka uliofuata, wala mwingine. Asubuhi hiyo ya tano Senge aliniuliza kama ile kazi ya Bungoma niliipata. Nikasema niliipata.

"Basi nenda, usichelewe," alisema. Nilisikiliza kama kulikuwa na hasira katika sauti yake. Haikuwepo.