Talaka Moja ya Zeinhom

Shemeji yangu Zeinhom ni fundi wa minara ya njiwa, na hapa kijijini kwetu Deltani hakuna mnara uliosimama wima ambao hakuugusa. Anajenga kwa udongo na vyungu, chungu juu ya chungu, kila kimoja kiota cha njiwa, na mdomo wake, kama mikono yake, haupumziki. Mimi nina duka la dawa karibu na mfereji. Yeye ndiye aliyemuoa dada yangu Inshirah, na kwa miaka mingi nilimvumilia kwa sababu hiyo tu. Leo ninampenda, nami nitaeleza ilikuwaje.

Utotoni tulichomwa sindano za kichocho, yeye na mimi, tukiwa tumepangwa mstari uani mwa shule, na sindano ilikuwa moja kwa mstari mzima. Mimi nilipona kwa bahati. Yeye aliondoka na virusi vya homa ya ini aina ya C, vikakaa naye kimya miaka arobaini bila kumdai kitu. Vilipogunduliwa, dawa iliyokuwepo ilikuwa sindano ya kila wiki pamoja na vidonge, kwa mwaka mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchoma, kila Alhamisi baada ya alasiri.

"Utasikia homa kidogo tu," nilimwambia siku ya kwanza.

Mungu anisamehe kwa ile "kidogo tu". Alitetemeka, nywele zikampukutika, akakosa usingizi. Lakini kilichotutisha zaidi ni hasira. Zeinhom alikuwa mkali tangu zamani, hilo sifichi. Ila ile ya sindano ilikuwa hasira ya mtu mwingine aliyevaa nguo zake. Mwezi wa tatu akamtamkia dada yangu talaka kwa sababu chai imepoa. Mwezi wa tano akamtamkia tena kwa sababu chai ni ya moto.

Siku ya talaka ile ya pili nilimwita Shekhe Basyuni, Mungu amrehemu. Alipanda juu akamkuta shemeji yangu amelala na homa, akamuuliza anakumbuka nini.

"Nakumbuka glasi," Zeinhom alisema. "Mengine sikumbuki."

"Na mara ile ya kwanza?"

"Hata glasi sikumbuki, maulana."

Shekhe akaniuliza mimi kuhusu dawa, nikamweleza kwamba inaingia mpaka kichwani. Akashuka, akasimama mlangoni na sisi wawili, mimi na Inshirah, akasema waziwazi: mtu ambaye dawa imemfunga akili talaka yake haipiti. Hakuna hata moja iliyopita. Akaenda zake kuswali.

Asubuhi Zeinhom aliamka akilia, akauliza Shekhe kasema nini. Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu. Dada yangu akaniwahi.

"Zimepita mbili, Baba Karima," alisema. "Umebakiwa na moja. Nirejee basi, na ujue unarejea nini."

Akamrejea palepale kwa sauti ya mtoto aliyechapwa. Mimi nilinyamaza. Sindano akaziacha siku hiyohiyo, na virusi vikabaki.

Miaka saba ikapita, na lazima niseme ilikuwa miaka mizuri. Mtu mwenye talaka moja tu hutembea taratibu. Zeinhom alijifunza kushusha sauti, akajifunza kusema "tafadhali", akawa akikasirika anapanda juu ya mnara kupanga vyungu mpaka damu ipoe. Dada yangu akanenepa. Binti yao Karima, aliyeolewa mjini, aliniuliza siku moja baba yake kapewa dawa gani. Nilimwambia sina dukani.

Kisha vikaja vidonge vipya. Kila siku kimoja cha hiki na kimoja cha kile, wiki kumi na mbili, basi. Kijiji kizima kilipanga foleni kwenye kituo cha mjini. Daktari akampima Zeinhom akamwambia ini limeanza makovu. Akimeza sasa litapona, akingoja litakuwa gumu, na hapo hata virusi vikiondoka ini halitarudi. Zeinhom akashukuru, akaondoka, akakataa.

Nilimfuata mnarani. Alikuwa amekaa kwenye tofali, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Shemeji, umesikia alichosema daktari?"

"Nimesikia. Na wewe nakusikia. Mwaka ule ulisema homa kidogo tu."

"Hii si ile."

"Nina moja, Wagdi. Moja tu. Dawa ikinipanda kichwani, hiyo ikanitoka, nitaipata wapi nyingine? Bora nife nina mke, kuliko niwe mzima nakula jibini la mtungi peke yangu."

Nikaketi udongoni, suruali safi na yote, nikamweleza kwa lugha yake. Kirusi hakina mikono. Kinaingia ndani ya ini na ramani, kinaweka humo fundi wake, na fundi huyo anajenga virusi vingine kwa mali ya mwenye nyumba. Sindano ya zamani haikumgusa yule fundi. Ilipiga king'ora mwili mzima, kila askari akatoka na rungu, ndiyo maana ya homa na ndiyo maana ya hasira. Kidonge kipya hakipigi king'ora. Kinampelekea fundi tofali la bandia. Analipanga, na linalofuata halishiki. Ujenzi umekwisha.

Akafikiri. Kwa mambo ya matofali huwezi kumpita.

"Na mafundi wangu mimi? Wao hawatalipanga hilo tofali bovu?"

"Wako wanakagua. Wanaligonga, wanalitupa. Wa kirusi hakagui kitu."

"Fundi mbovu," alisema kwa dharau kabisa.

"Ndiye anayekula ini lako. Utaumwa kichwa, utachoka. Basi."

"Nimekuamini kwa tofali, shemeji. Ulimi wangu ndio siuamini. Hauna mfupa."

Nikashuka nikaenda moja kwa moja jikoni kwa dada yangu. Alikuwa ananyonyoa njiwa.

"Mwambie," nilisema.

Hakuuliza nimwambie nini. Alinyonyoa wawili kwanza.

"Wewe hukuishi naye ile miaka ishirini ya mwanzo," alisema. "Ulikuwa unakuja Ijumaa, unakula, unaondoka. Nikimwambia anazo tatu, Wagdi, nitaamka kesho na yule wa zamani."

"Na usipomwambia utaamka na maiti."

"Chunga mdomo wako."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama Karima. Wewe umeficha dawa."

Akalia, na njiwa mkononi. Nami nililia, maana siri hiyo ilikuwa yangu vilevile. Nilikuwa nimeikalia miaka saba nikijiita mtu wa tiba.

Alimwambia Ijumaa, mezani, tukiwa watatu. Hakuzunguka. Alisema Shekhe alisema hakuna iliyopita, akasema nimekudanganya, akasema kwa nini. Zeinhom alikuwa anakula njiwa wa kujazwa ngano. Alimaliza kusafisha mfupa mmoja, akaanza mwingine.

"Miaka saba?"

"Saba."

"Kwa hiyo ninazo tatu."

"Unazo tatu."

Akanigeukia mimi. "Na wewe mwenye duka, ulijua?"

"Nilikuwepo mlangoni."

"Mbwa wewe," alisema, bila kupandisha sauti. Akanawa mikono, akapanda mnarani. Tulimsikia akipanga vyungu. Dada yangu alikaa na mikono mapajani. Aliposhuka, alasiri ilikuwa imekwisha adhiniwa.

"Kituo kinafungua saa ngapi kesho?" aliuliza.

Akavimeza vile vidonge. Kichwa kilimuuma wiki mbili za mwanzo, na baada ya chakula cha mchana alilala kama gunia. Hasira tuliingoja kama watu wanaongoja treni. Inshirah alikuwa anaweka chai kisha anarudi nyuma mpaka mlangoni. Wiki ya tano, kwa ukorofi au kwa uchovu wa kungoja, akamletea chai baridi kusudi. Nilikuwepo. Akanywa, akaitazama glasi.

"Imepoa," alisema.

"Imepoa, ndiyo."

"Haya." Akaimaliza.

Miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho alipimwa tena. Mimi ndiye niliyemsomea karatasi, kwa kuwa miwani yake huwa haionekani siku za maana: kirusi hakikuonekana. Nilisoma mara mbili. Nimeuza dawa miaka thelathini, na nyingi zimewapunguzia watu maumivu tu. Hii ilimrudisha mtu nyumbani. Walioifikiria, walioipika na walioileta mpaka kwenye mfereji wetu siwajui hata mmoja, na kila Ijumaa nawaombea.

Jioni hiyo tulikaa kibarazani. Zeinhom aliwatazama njiwa wake wakirudi mnarani, kisha akamwita mkewe akae.

"Mama Karima, nimepiga hesabu yangu. Mimi ninayo moja."

"Unazo tatu, mwanamume wewe. Nilikwambia mbele ya ndugu yangu."

"Alichosema Shekhe ni cha Shekhe. Mimi nilimrejea mke nikiwa na moja, na nitaishi na hiyohiyo moja." Akakohoa kidogo. "Na hiyo nayo sijui nimeiweka wapi."

Dada yangu aliinua upindo wa mtandio akafuta uso.

"Usiitafute," alimwambia.