Kamugisha na Njia ya Moyo

Mnashinda na simu mkononi kutwa, halafu kuandika mnamwachia bibi aliyeishia darasa la pili. Haya. Mlitaka habari za Kamugisha, mzipate, na herufi zikipinda mzinyooshe wenyewe.

Kamugisha wa Mansfield, mtu wa kompyuta, anayetembea kana kwamba Texas kaiumba yeye, aliumwa mkono wa kushoto. Hospitali iko dakika kumi toka kwake, na mkewe Prudensia ni nesi humo humo. Ndiyo sababu hakutaka kwenda. Yeye, mtu mzima, manesi wenzake na mkewe wamwone na lile gauni la wagonjwa lililo wazi mgongoni! Afadhali mganga wa Kichina wa Katy, kule karibu na Houston, mwendo wa saa nne. Kusoma kote kule!

Prudensia akaendesha. Njia nzima akahubiriwa yaliyookotwa kwenye simu.

"Mama Elia, nyie manesi mnaona nyama tu. Kwa Wachina moyo ni mfalme, akili na usingizi vinakaa humo. Ini linaongoza hasira. Figo zinabeba woga. Na kila kiungo kina njia yake mwilini, nguvu inapita kama maji mferejini. Ikiziba, unaumwa."

"Basi Baba Elia, tukaanze na figo zako. Mwanamume anakimbia gauni!"

Mzee wa Kichina alikuwa mkondefu, hana maneno. Akaweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono huu, kisha huu, akisikiliza mapigo kama jirani aliyetega sikio ukutani. Akatazama ulimi. Halafu akapitisha kidole toka kwapani, kwa ndani ya mkono, hadi kidole cha mwisho.

"Inauma hapa?"

"Hapo hapo!" Kamugisha akamgeukia mkewe, kidevu juu. "Unaona? Bila mashine!"

"Njia ya moyo," mzee akasema. "Na kifuani?"

Kamugisha akatazama dari.

Prudensia akasogea, akamshika mumewe bega. Wiki mbili anaambiwa mkono, mkono, kompyuta imechosha mkono.

"Kifua kinakubana tangu lini?"

"Kidogo tu, nikipanda ngazi." Akameza mate. "Na sasa hivi."

Mzee akafunga kiboksi cha sindano zake nyembamba za kuzibulia njia hizo, akachukua simu kuita gari la wagonjwa.

"Mzee, nimetoka mbali! Nichome hata moja!"

"Hospitali kwanza. Sindano baadaye."

"Umemsikia mganga wako?" Prudensia akasema, akimfungua vifungo vya shati. "Miaka kumi na mmoja nasimama wodi ya moyo, unanidanganya mimi, unakuja kuumbuliwa na mgeni. Na gauni utalivaa."

Akalivaa. Madaktari wa Houston wakauzibua mshipa uliokuwa umebakiza tundu la uzi. Alipofikishwa kitandani, neno lake la kwanza likawa: "Usiwaambie kanisani."

Prudensia akawaambia Jumapili ile ile, kwa kipaza sauti.

Nawe baba unayesoma hapa huku ukijikanda bega, unacheka nini? Weka karatasi chini. Mwite mkeo, umwambie panapouma, pote. Kisha nipigieni, nisikie sauti yake yeye, siyo yako.