Kanda Tatu za Ushirikiano

Mimi ushirikiano nilifundishwa na redio ya kaseti. Nacheka nikisema, lakini hasira haijanitoka tangu miaka ile ya themanini, nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi Kilifi. Sisi na wenzetu waliosomea utabibu tulitakiwa tufunzwe pamoja namna ya kumhudumia mgonjwa mmoja. Wakubwa wakaona kutukutanisha ni usumbufu. Wakatuletea kanda tatu na kijitabu, kila mtu asikilize kwake.

Basi nikakaa kitandani bwenini, peke yangu, sauti ya bwana mmoja ikiniambia kidole kimoja hakivunji chawa. Kisha ikaniamuru nimgeukie mwenzangu nimweleze hali ya mgonjwa. Nimgeukie nani? Ukuta? Nikajaza majibu kwenye kijitabu, nikapata alama nzuri. Afadhali ningepata sifuri.

Mwezi huohuo nikapangwa wodi ya wazazi. Tabibu mwanafunzi wa zamu alikuwa kijana wa bara niliyemjua kwa sura tu. Hata salamu hatujapeana. Asubuhi moja nilikuwa nikimwangalia msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Adu, aliyetoka kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mama yake alikuwa kando, amepakata kichanga. Nikafunua shuka: damu inatoka, na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Nikamkanda tumbo kama nilivyofunzwa, damu haikukoma. Nikatoka mbio kumtafuta tabibu.

Nilimkuta chumba cha dawa, ng'ambo ya wodi, akizungumza na daktari mkubwa. Mbio zangu zikaishia mlangoni. Mimi ni mzaliwa wa mji wa kale, Malindi. Kwetu mtoto wa kike hakatizi mazungumzo ya watu wazima, sembuse wanaume asiowajua. Nikapiga hodi kwa sauti ya chini, hawakusikia. Nikasimama, mikono nimeifumba mbele, nikangoja. Wallahi, nilingoja. Ujinga ulikuwa wangu, sikatai. Lakini nani aliwahi kunisimamisha mbele ya kijana yule, hata siku moja, akaniambia haya, mkatize, paza sauti, hapa adabu ndiyo hiyo? Kanda haikatizwi. Unaizima tu.

Alipogeuka akaniona, tulikimbia sote. Daktari akamwingiza msichana chumba cha upasuaji. Alipona, alhamdulillahi, lakini kizazi kilitolewa.

Kikaitwa kikao. Wakubwa wakasema wanafunzi tulizembea, maana mafunzo tulikwisha kupewa. Mafunzo! Nilitamani kuwatupia kijitabu chao usoni. Nikaitikia ndiyo bwana, kama nilivyozoea.

Jioni nilimpelekea mama wa msichana uji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapokea kikombe. Nilitaraji anigombeze, nami nilikuwa tayari kugombezwa. Hakunigombeza.

"Mwanangu," akasema taratibu, "nilikuona umesimama pale mlangoni. Ulikuwa ukingoja nini?"

Nikamwambia kweli. Nilikuwa nikingoja wamalize mazungumzo.